Mchana Niliouingiza Kati ya Bustani Mbili

Neema, umeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini fomu zangu zote za safari za familia zina mstari niliouchora kwa mkono, katikati ya mahali pa kwanza na mahali pa pili, wenye alama ya kuuliza mwishoni. Kila mara nilikukwepa nikakuambia ni mazoea ya kizee. Sasa nimestaafu, dawati langu mmempa mwingine, na kahawa naweza kuinywa ikiwa bado moto. Sina tena pa kujificha. Nakuandikia wewe na wenzako, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu sehemu kubwa ya kisa hiki ilisemwa kwa Kiswahili, ingawa ilikuwa Stockholm.

Nilianza kazi mwaka 1968. Mwaka mmoja kabla, magari ya nchi hii yalikuwa yamehamishwa kutoka upande wa kushoto kwenda kulia. Mimi nilitoka Korogwe nikiwa nimezoea kushoto, kwa hiyo kwa miezi kadhaa niliangalia upande usiofaa kila nilipovuka barabara. Waswidi wengi nao walifanya vivyo hivyo, na hilo lilinifariji sana. Nilikuja kwa mafunzo ya miezi kumi ya kazi za hoteli na safari. Miezi ile kumi haijaisha mpaka leo.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili mtaa wa pembeni, si mbali na stesheni kuu. Mkuu wake alikuwa Gunvor, mama wa miaka hamsini na ushei, mrefu, penseli daima nyuma ya sikio, na nyingine mkononi akiitafuta ile ya sikioni. Siku ya kwanza alinipa mkono akasema, "Niite Gunvor." Wakati ule ndiyo kwanza Waswidi walikuwa wanaacha kuitana kwa vyeo, na yeye alijivunia kuwa mbele ya wenzake. Lakini mtu wa umri wa mama yangu kumwita jina tupu! Ulimi ulikataa kabisa. Nikamwita Mama Gunvor. Akauliza maana yake, nikamweleza. Akasema hana mtoto. Nikamwambia hilo si hoja. Akageuka kwenye kabati, akanikabidhi kitabu cha ratiba za treni, kinene kama tofali, akasema nikisome chote kabla ya Ijumaa.

Nilikisoma. Hakuna aliyewahi kukisoma kitabu kile kwa furaha kama mimi. Kila ukurasa nilijiuliza: nani anashuka kwenye hii stesheni ndogo saa tano asubuhi, na anakwenda kwa nani?

Vifaa vyetu nyinyi mngevicheka. Kitabu hicho, penseli, karatasi ya kaboni, muhuri, simu mbili ambazo moja ilisikika vizuri. Na ukutani ramani kubwa, yenye uzi uliofungwa mafundo. Kila fundo lilikuwa mwendo wa saa moja wa treni. Unaunyoosha uzi kutoka Stockholm hadi Göteborg unahesabu mafundo manne na kitu, na mteja anaelewa bila wewe kufungua kinywa. Siku hizi mashine inamwambia mteja dakika kamili, naye haamini.

Somo kubwa la Mama Gunvor lilikuwa hili: "Anza na kitanda." Ukipanga safari ya watoto, usianze na treni ya asubuhi. Uliza mtoto mdogo kabisa analala saa ngapi, hakikisha saa hiyo kuna kitanda mbele yake, kisha rudi nyuma: chakula, feri, treni, mlango wa nyumbani. "Mtu mzima hukasirika njaa ikimbana," alisema. "Mtoto hukasirika kitanda kikichelewa, na hapo wote mmekwisha."

Tuje kwenye bustani. Siku hizo familia za hapa zilianza kupenda bustani za michezo, zile zenye magurudumu makubwa, vibanda vya bahati nasibu na magari ya reli yanayopanda polepole na kuporomoka ghafla. Mama Gunvor alinipeleka kwenye moja kwa mafunzo. Nilisimama chini nikitazama baba wazima, makarani na mafundi, wakipiga foleni nusu saa ili watishwe kwa dakika mbili, halafu wanashuka wakicheka na kurudi mwisho wa foleni. Nilimwuliza mmoja kwa nini. Alifikiri kwa bidii, kama Waswidi wanavyofanya ukiwauliza swali la kweli, akajibu: "Kwa sababu nikiwa juu namshika binti yangu mkono." Nililiandika jibu lile kwenye daftari langu. Bado ninalo.

Kuanzia mwaka 1971 hivi, bustani moja haikutosha tena. Watu walitaka mbili katika likizo moja: kwanza ile kubwa ya Göteborg, halafu wavuke kwa feri hadi Denmark, kwenye ile ambayo mji mzima, makanisa na bandari na kila kitu, ulikuwa na kimo cha goti. Mimi ndiye niliyekabidhiwa safari hizo. Nikagundua kwamba kazi yenyewe haikuwa bustani. Bustani zinajiuza. Kazi ilikuwa ile nafasi ya kati: mizigo, mvua, mtoto aliyelala begani, baba anayetafuta tiketi ambazo ziko mkononi mwa mama. Familia nyingi zilirudi zikiwa hazisemezani, na nilipodadisi, ugomvi karibu wote ulitokea kati ya bustani ya kwanza na ya pili. Nikaanza kuwaachia watu muda pale. Saa mbili za kukaa tu. Wengine walinilalamikia, wengi wakanishukuru, nami kichwa kikavimba nikajiona bingwa wa katikati.

Hapo ndipo alipokuja Wanjiru, majira ya kuchipua ya mwaka 1974.

Alikuwa Mkenya, mwuguzi msaidizi, anakaa Vårby gård, kitongoji cha majumba mapya kwenye njia nyekundu ya treni za chini ya ardhi. Alisikia kuna Mtanzania kwenye ofisi ya safari, akaja moja kwa moja kwangu, akawapita wateja wengine kwenye foleni bila haya.

"Wewe ndiye ndugu Shabani?" aliuliza. "Nyinyi Watanzania na undugu wenu. Haya basi, ndugu, nisaidie."

Alikuwa na watoto wawili, Anna wa miaka tisa na Erik wa sita. Baba yao alikuwa Mswidi, Lennart, mkazi wa Vällingby, upande wa pili wa mji. Walikuwa wameachana tangu mwaka uliotangulia. Watoto waliahidiwa bustani mbili kabla ya ndoa kuvunjika, na hawakuwa tayari kusamehe ahadi ile. Ukiwauliza kwa Kiswahili walijibu kwa Kiswidi, lakini majina ya bustani zote mbili waliyatamka vizuri mno.

"Tumeelewana hivi," alisema Wanjiru. "Yeye anawapeleka Göteborg siku tatu. Mimi nawachukua hapo Göteborg, twende Denmark siku tatu. Nikifika stesheni, yeye aingie treni yake arudi. Dakika kumi. Nimpe salamu, anipe watoto, basi."

"Dakika kumi?"

"Hata tano ni sawa. Sikiza. Kuna kesi Oktoba. Anataka watoto wakae kwake, anasema kazi yangu ni ya zamu. Sasa kila kitu nikifanya kinaangaliwa. Nikichelewa, itaandikwa. Tukizozana mbele ya watoto, itaandikwa. Mimi nataka safari safi, isiyo na neno. Umenielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa. Nilikuwa sijamwelewa hata kidogo.

Kwa sababu mimi, nilipokaa na kitabu cha ratiba, niliona aibu. Kwetu mtoto hakabidhiwi mlangoni. Hata mke na mume wakiachana, anayekuja kumchukua mtoto hukaribishwa, hukaa, huletewa chakula, hata kama hakuna anayemtazama mwenziwe usoni. Mtoto akiona wamekula sahani moja anajua hajafukuzwa upande mmoja wala kuibwa na upande mwingine. Dakika kumi kwenye jukwaa la treni ndivyo wanavyokabidhiana mzigo. Na huyu ameniita ndugu, nikajiambia. Ndugu hukaa kimya?

Basi nikafanya nilichofanya. Nilimwambia Wanjiru kwamba feri ya mchana imejaa, imebaki ya jioni. Nikampigia simu Lennart nikamwambia viti vya treni ya mchana kurudi Stockholm vimekwisha, imebaki ya jioni. Yote mawili yalikuwa uongo. Matokeo yake wote wanne wakawa na muda wa saa tano pale Göteborg, kuanzia saa sita mchana. Niliandika anwani ya mkahawa mmoja wenye viazi na samaki, karibu na stesheni, kwenye ratiba za wote wawili, nikazipiga muhuri. Niliridhika nafsi yangu mpaka nikapiga mluzi.

Walisafiri Julai. Wanjiru alirudi ofisini mwanzoni mwa Agosti, akakaa bila kuvua koti.

"Asante, ndugu. Najua ulijaribu," alisema. "Si kosa lako feri kujaa."

Nikauliza walifanya nini mchana ule. Sikuweza kujizuia; udadisi ni ugonjwa wangu.

"Tulikula. Tungefanya nini? Lennart alimmenyea Erik viazi, vile alikuwa anafanya nyumbani. Anna akaanza kucheka. Hata mimi nikacheka, mungu wangu. Mtu yeyote angetuona angesema hiyo ni familia." Aliuzungusha mkanda wa begi lake kidoleni. "Halafu kwa feri Erik akaniuliza, Pappa anakuja kesho? Nikamwambia hapana. Alilia mpaka ng'ambo. Tulifika amechoka, kitanda hataki, chakula hataki. Siku ya kwanza ya bustani alikaa kwa benchi. Nyumba ndogo zote zile, na hakuangalia hata moja. Alikuwa amefikiria tumerudiana, Shabani. Na mimi..." Hakumalizia. "Ingekuwa dakika kumi, hangefikiria."

Nilipaswa kusema palepale. Nilimpa pole nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nilijichukia.

Wiki iliyofuata aliingia mwanamume mwembamba mwenye koti la kazi. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua kwa namna alivyotazama saa yetu ya ukutani na kisha yake. Lennart, kama Wanjiru alivyowahi kuniambia, alifanya kazi kwenye chumba cha kuongozea treni za chini ya ardhi. Katika watu wote wa Stockholm, nilikuwa nimemdanganya kuhusu ratiba mtu anayekula mkate wake kwa ratiba.

Aliiweka karatasi yangu yenye muhuri juu ya kaunta.

"Nilipiga simu kabla ya kuondoka nyumbani," alisema. "Feri ya mchana ilikuwa na nafasi. Treni yangu nayo ilikuwa na viti."

Mama Gunvor, kwenye dawati la nyuma, aliacha kuandika.

"Ulijua, na bado ulikwenda mkahawani?" nilimwuliza.

"Nilikwenda. Nimekuja kuuliza jambo moja tu." Akashusha sauti. "Ni yeye aliyeomba hivyo?"

Niwaambie kweli, sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko lile. Nilimwona usoni anachotaka kusikia. Alikuwa amekaa na wazo lile majuma kadhaa: kwamba Wanjiru alitaka mchana ule, akaona haya kusema, akatumia tiketi. Nikisema ndiyo, nimempa matumaini ya bure. Tena Oktoba, matumaini yakigeuka hasira, wakili wake angesema mama huyu hupanga hila kwa kutumia ofisi za safari. Nikisema hapana, namnyang'anya alichokuja nacho, na mimi nimeihatarisha kazi yangu.

"Hapana," nilisema. "Ni mimi. Yeye aliomba dakika kumi."

"Kumi."

"Alisema hata tano zinatosha. Hakujua lolote. Mpaka leo anaamini feri ilijaa."

Akakunja karatasi mara mbili, kwa uangalifu, kona juu ya kona, akaitia mfukoni. "Viazi vilikuwa vizuri," alisema, akaondoka.

Mama Gunvor alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akaomba nakala yetu ya ratiba ile. Aliisoma kuanzia chini, kama alivyonifundisha.

"Hawa walifika Denmark saa mbili za usiku kwa saa zenu za Korogwe," alisema, maana nilikuwa nimemfundisha. "Mtoto wa miaka sita. Hii ratiba haikuanza na kitanda, Shabani. Ilianza na wewe."

Nikamwambia niko tayari kufunga virago.

"Utafunga nini, na safari za Septemba nani atazipanga? Chukua kaboni. Andika ulichofanya, chote, na kwamba mama yule hakujua. Nakala tatu. Moja yake, moja ya baba, moja yetu. Kisha umpelekee mama mwenyewe, kwa mkono. Si kwa posta."

Niliandika. Mama Gunvor aliipiga muhuri wa ofisi, na chini yake akatia sahihi yake mwenyewe, jambo ambalo sikumwomba na ambalo lingeweza kumponza. Nikapanda treni ya njia nyekundu hadi Vårby gård. Wanjiru alinifungulia mlango akiwa na sare ya kazi, akatabasamu, akasema ingia, chai iko. Nikakataa kukaa. Nilimpa karatasi nikiwa nimesimama kwenye mkeka wa viatu.

Aliisoma mara mbili.

"Kwa hivyo feri haikujaa."

"Haikujaa."

"Na Lennart anajua."

"Nimemwambia si wewe."

"Nani alikuuliza?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Mimi nilikuja kwako na kitu kimoja tu nilichokuwa nimeamua mwenyewe mwaka huo mzima. Dakika kumi. Kila kitu kingine kiliamuliwa na watu: wakili, hospitali, ofisi ya nyumba. Hizo dakika kumi zilikuwa zangu. Wewe ukazichukua. Ati ndugu! Ndugu gani huyu?"

Nyuma yake, mlangoni mwa chumba, Erik alikuwa amesimama akinitazama. Nilimsalimu. Hakujibu kwa Kiswahili wala kwa Kiswidi. Wanjiru akafunga mlango taratibu, bila kubamiza, na nikashuka ngazi ghorofa nne kwa sababu nilisahau kuwa kuna lifti.

Oktoba ikapita. Nilisikia kupitia kwa mwenzake Wanjiru wa kazini kwamba Lennart aliondoa ombi lake siku chache kabla ya kesi. Watoto walibaki na mama yao, na wikendi wakawa Vällingby. Kwa nini aliondoa, sijui. Karatasi yangu haikutajwa popote, na huo mchana haukutajwa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikijaribu kuona kama viazi vile vilichangia, na kila ninapokaribia kujipa sifa nakumbuka mtoto aliyekaa kwenye benchi akiwa amezungukwa na mji mzima wa kimo cha goti asiutazame.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nilikuwa napanga ratiba za likizo za watu wa viwandani, wote wakitaka wiki ileile ya Julai kama kawaida yao, nikasikia mtu akiwapita wenzake kwenye foleni. Sikuinua kichwa mara moja. Niliogopa.

"Watoto wanataka bustani mbili tena," alisema Wanjiru. "Zilezile. Erik anasema ile ya Denmark hakuiona."

Nikatoa fomu. Niliandika Göteborg kwenye mahali pa kwanza, Denmark kwenye mahali pa pili, kisha nikachukua rula nikachora mstari kati yake, nikatia alama ya kuuliza, nikaigeuza fomu imwelekee yeye. Nikampa penseli. Sikusema kitu. Kwa mtu kama mimi ilikuwa kazi ngumu kuliko kukisoma kitabu cha ratiba.

Aliutazama mstari ule kwa muda mrefu, mpaka aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akakohoa. Kisha akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na akanisomea, nisije nikakosea.

"Masaa matatu. Tukule, halafu kila mtu ashike njia yake." Akairudisha penseli mezani. "Na safari hii feri isijae, ndugu Shabani."